Namna ya Kujitolea Kurudisha Uoto wa Asili Kandokando ya Mito ya Iringa Mjini

Mto Ruaha Mdogo unaanzia katika nyanda za juu za Mufindi, unapita chini ya mji wa Iringa upande wa Ipogolo, kisha unaendelea hadi kuungana na Ruaha Mkuu kabla ya bwawa la Mtera. Sehemu kubwa ya maji ya bomba tunayokunywa mjini huchotwa humo humo, na vijito vinavyoteremka kutoka mitaa iliyo juu ya bonde huuletea mto huo udongo, taka na kila kinachoachwa njiani. Mkazi anayeupenda mto huu na kutaka kuusaidia, mara nyingi wazo lake la kwanza ni kupanda miti. Mimi pia nilianza hivyo. Katika msimu wetu wa kwanza tulipanda miche mingi kwa siku moja, tukapiga picha ya pamoja, tukaondoka tukiwa na furaha. Tuliporudi mwezi wa nane tulikuta michache tu iliyo hai, mingine ikiwa imeliwa na mbuzi na iliyosalia imezidiwa na miwati, miti ya kigeni, iliyochipua upya pale pale tulipokuwa tumeifyeka.

Maelekezo haya yametokana na tuliyojifunza baada ya hasara hiyo. Kurudisha uoto wa asili ni kazi ya kuondoa kabla haijawa kazi ya kupanda, na inamfaa zaidi mtu anayeweza kutunza kipande kidogo kwa miaka mitatu kuliko anayetaka kufunika bonde zima kwa siku moja.

Kuchagua kipande

Kama huna kikundi, anza kwa kuuliza katika ofisi ya serikali ya mtaa iwapo bonde lenu lina jumuiya ya watumia maji, kwa kuwa jumuiya hizo zinatambuliwa kisheria na wanachama wake wanaujua mto vizuri. Klabu za mazingira za shule, vijana wa makanisa na misikiti, na wanafunzi wa vyuo vyetu ni watu wema wa kuanza nao. Angalizo langu ni moja tu: likizo ndefu ya vyuo huangukia kiangazi, wakati ambao miche inahitaji mtu wa kuinyweshea, kwa hiyo kikundi kinachotegemea wanachuo peke yao kitapoteza kazi ya msimu mzima ndani ya miezi miwili. Hakikisheni kuwa angalau nusu ya watu wenu wanaishi karibu na mto na hawaondoki.

Watu kumi wanaokutana mara mbili kwa mwezi wanaweza kutunza vizuri mita hamsini za ukingo. Zaidi ya hapo watakuwa wanakimbizana na magugu. Katika kuchagua mita hizo hamsini, wengi hupendelea sehemu iliyoharibika kuliko zote, kwa sababu inauma kuitazama. Mimi nashauri kinyume chake. Dada wawili wa Sydney, Australia, Joan na Eileen Bradley, walioanza miaka ya 1960 kung'oa magugu katika msitu uliokuwa karibu na nyumbani kwao, walifikia kanuni tatu ambazo hadi leo zinafuatwa na watu wanaojitolea kufanya kazi hii: anza mahali ambapo uoto wa asili bado una nguvu na usogee taratibu kuelekea palipoharibika, sumbua udongo kwa kiasi kidogo iwezekanavyo, na uiache mimea ya asili iamue kasi ya kazi kwa namna inavyorudi yenyewe. Kanuni hizo zilizaliwa katika nchi yenye mimea tofauti kabisa na yetu, lakini nimeona zikifaa kwenye mabonde yetu, kwa sababu mvengi (mti wa asili wa kando ya maji) mmoja mkubwa uliobaki ukingoni unadondosha mbegu nyingi kuliko kitalu chochote tutakachoweza kukimudu. Tafuteni mvengi huo, au mkuyu, au kipande cha milulu, majani marefu ya majimaji, ambacho hakijalimwa, na kazi ianzie hapo.

Ruhusa, na wenye vinyungu

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo inavilinda vyanzo vya maji. Ni vizuri kuzifahamu sheria hizi, lakini hazimpi mtu wa kujitolea mamlaka yoyote ya kukata, kung'oa au kumfukuza mtu. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wake, ueleze nia yenu ana kwa ana; kisha andikeni barua kwa ofisi ya mazingira ya Manispaa na nakala kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ambayo ofisi yake iko hapa hapa Iringa. Barua itaje kipande mnachokusudia, mimea mtakayoiondoa, mimea mtakayoipanda, siku zenu za kazi na jina la mtu wa kuulizwa. Kama bikoni (alama za mpaka) za hifadhi ya chanzo zimeshawekwa, zichoreni kwenye ramani yenu. Mlingoti, yaani mkaratusi, uliopandwa na mtu ni mali yake hata ukiwa umesimama ndani ya maji, na hauguswi mpaka mwenyewe akubali na ofisi ya misitu ieleze kama kibali kinahitajika.

Sehemu ngumu kuliko zote si barua. Mabonde ya Iringa yana vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa wakati wa kiangazi kwa kutegemea unyevu uliobaki ardhini. Kinyungu ndicho kinachotoa mahindi mabichi na maharage wakati mashamba ya mlimani yamekauka, na familia nyingi hupata humo ada, daftari na mafuta ya kupikia. Mtu anayefika ukingoni akiwa na fulana mpya na kifungu cha sheria mkononi ataonekana kuwa amekuja kuchukua chakula cha watoto, na miche yake haitafika Pasaka.

Kwa hiyo nendeni mapema, bila vifaa vya kazi, siku ambayo mwenye kinyungu yupo. Msalimuni kwanza: "Kamwene, mama," kisha ulizeni habari za nyumbani na za bustani kabla ya kutaja miti. Ulizeni maji yalikuwa yanafika wapi alipokuwa binti, ni miti gani iliyokuwepo, na ni nani aliyepanda milingoti ile. Katika mazungumzo ya namna hii nimejifunza mambo ambayo hayamo kwenye ramani yoyote, na mara nyingi mwenye kinyungu ndiye wa kwanza kusema kwamba chemchemi ya juu ilikauka baada ya milingoti kukua. Hapo ndipo pa kuomba jambo dogo: aache ukanda wa mita tano hadi kumi kutoka kwenye maji uote majani, matuta yake yakingame mteremko badala ya kuufuata, na kwenye mpaka wa juu wa bustani apande miti ya matunda ambayo kikundi kitamletea. Makubaliano hayo hayaondoi mita 60 za sheria, na msimwahidi kuwa yanaziondoa. Suala la nani ahame na lini ni la maofisa. Kazi yenu ni kuhakikisha kwamba ukanda ulio karibu zaidi na maji unaanza kupona mwaka huu huu.

Kuna watu wengine wa kuwaendea mapema, nao ni kina mama wasukaji wa vikapu. Vikapu vya Iringa vinavyojulikana hadi nje ya nchi husukwa kwa milulu, na milulu huota kwenye ardhi yenye majimaji. Bonde likikauka, msukaji hutembea mbali zaidi kuitafuta. Ukingo unaorudishiwa milulu una faida kwake moja kwa moja, naye anajua kuliko ofisa yeyote namna ya kuivuna bila kuiua.

Kujua kilichopo kabla ya kugusa

Tembeeni kwenye kipande chenu mara mbili kabla ya kushika panga. Mara ya kwanza iwe mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, maji yanapokuwa machache na kila kilicho kijani kinaonyesha mahali unyevu ulipo. Mara ya pili iwe Februari, mvua inapokuwa imeotesha kila kitu. Nendeni na mzee anayejua majina ya miti kwa Kihehe, andikeni majina hayo, kisha mwombeni ofisa misitu awasaidie kuyalinganisha na majina ya kitaalamu, kwa sababu jina moja la kienyeji huweza kutumika kwa miti miwili tofauti na mkaletewa miche msiyoikusudia.

Katika mabonde yetu, mti wa kutangulizwa ni mvengi, ambao wataalamu huuita Syzygium cordatum. Unapenda kusimama ukiwa na mizizi kwenye maji, unashika ukingo, unatoa kivuli kinachoupoza mto, na matunda yake huliwa na ndege, na watoto pia. Mkuyu na msesewe nao ni wa ukingoni. Chini yao kuna milulu, matete na nyasi za kienyeji ambazo watu huzidharau, ingawa nyasi ndizo zinazochuja udongo unaoteremka na mvua kabla haujaingia mtoni.

Upande wa pili kuna wageni. Mlingoti huvuta maji mengi na kukua haraka, na chini yake mimea mingine hustawi kwa shida, hivyo udongo hubaki wazi na kubebwa na mvua. Sina ugomvi na mlingoti uliopandwa mlimani, kwani nguzo na mbao zake zimejenga nyumba nyingi za mkoa huu. Ninachopinga ni kuupanda kwenye chemchemi. Muwati ulipandwa kwa ajili ya magome yake yanayotumika kusindika ngozi, na tatizo lake ni mbegu, ambazo hukaa ardhini miaka mingi zikiwa hai na huamshwa na moto. Lantana, yenye maua ya rangi mchanganyiko na miiba midogo, hufunga njia na kuzuia miche ya asili isipate mwanga. Alizeti mwitu, yenye maua makubwa ya njano, hutanda kwenye kingo zilizovurugwa.

Kuondoa

Msifyeke kipande chote kwa mara moja. Ukingo uliobaki uchi mwezi wa kumi na moja utakuwa umeingia mtoni kufikia mwezi wa pili, na hapo mtakuwa mmefanya madhara makubwa kuliko magugu. Ondoeni kwa viraka, kuanzia kuuzunguka mvengi au mkuyu wenu, na msisogee kwenye kiraka kingine mpaka cha kwanza kimeanza kufunikwa na nyasi au miche ya asili.

Miwati michanga hung'olewa kwa mkono, na wakati mwafaka ni Januari, udongo unapokuwa umelowa, kwa sababu mzizi hutoka mzima. Baada ya kuung'oa, shindilia udongo kwa mguu ili usibaki mlegevu. Mti mkubwa hukatwa chini kabisa, kisha kisiki hubanduliwa gome hadi usawa wa ardhi. Kisiki cha mlingoti ni kikaidi zaidi na kitaendelea kutoa machipukizi. Yaondoeni yote kila baada ya wiki sita hadi nane, bila kuruka zamu hata moja, na kinaweza kuchukua zaidi ya mwaka kabla hakijafa. Msitumie dawa ya kuua magugu kando ya maji yanayonywewa, na msichome moto, kwani kwa muwati kuchoma ni sawa na kuotesha.

Lantana hukatwa matawi kwanza, kisha shina huchimbwa kwa sururu pamoja na kichwa cha mzizi. Mabaki yake yaanikwe juu ya mawe, yasiachwe kwenye udongo wenye unyevu maana hutoa mizizi upya, wala yasiachwe mahali ng'ombe wanapoweza kuyafikia, kwani yana sumu kwa mifugo. Alizeti mwitu ikatwe kabla haijatoa mbegu. Majani yake mabichi ni mbolea nzuri yakifukiwa kwenye tuta. Mpelekeeni mwenye kinyungu mafungu kadhaa, na mtaona jinsi mazungumzo ya mwezi uliofuata yanavyokuwa mepesi.

Kuhusu taka, panga usafiri kabla ya siku ya kazi. Taka zilizokusanywa zikaachwa ukingoni ndani ya viroba hurudi mtoni na mvua ya kwanza, na wakazi walioona hawatawaamini tena. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo ni siku ya usafi kitaifa, ni siku nzuri kwa kazi hii kwa sababu majirani tayari wako nje na vifaa vyao. Sindano na vifaa vya hospitali visiokotwe na watu wa kujitolea. Weka alama na umwite ofisa afya.

Kila mtu avae gambuti na glavu nene. Konokono wa maji yaliyotuama hubeba vimelea vya kichocho, kwa hiyo asiingie mtu majini bila sababu, na mwenye jeraha asiingie kabisa. Tumieni fimbo kupekua majani kabla ya kuingiza mkono, kwa ajili ya nyoka. Wakati wa masika, mvua ikionekana upande wa Mufindi, tokeni mtoni hata kama mjini kuna jua.

Kupanda

Iringa ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kipindi cha kupanda ni kifupi kuliko watu wanavyodhani. Mche uliopandwa katikati ya Desemba, mvua zikiwa zimetulia, una miezi minne ya kushika mizizi; uliopandwa Machi una wiki chache tu kabla ya baridi na ukame. Kwa hiyo kitalu kiandaliwe Juni. Mbegu za mvengi hazihifadhiki: okota matunda yaliyoiva chini ya mti wa bonde lenu lenyewe, ondoa nyama, na upande siku hiyo hiyo kwenye viriba vyenye mchanganyiko wa udongo wa juu, mchanga na mboji. Kama matunda yanaiva nje ya ratiba yenu, fuateni mti na muiache ratiba. Mkuyu huoteshwa kwa vipande vya matawi. Milulu na matete hugawanywa kwa mashina yenye mizizi na kuhamishiwa kwenye tope la ukingoni mvua zinapoanza.

Kabla ya kupanda kiraka chochote, piga magoti na utazame vizuri udongo. Mara nyingi baada ya magugu kuondoka mtakuta miche ya asili imejiotea yenyewe, na hiyo izungushiwe vijiti ili isikanyagwe, kwa maana imeshachagua mahali pake na haitahitaji kumwagiliwa kama ile ya kitalu. Pandeni tu pale ambapo hakuna kilichorudi baada ya msimu mmoja. Kwenye mteremko wa ukingo msichimbe mashimo makubwa; shimo litoshe kiriba na nafasi ya kiganja pande zote, udongo wa juu urudishwe chini kwenye mizizi, na kiriba kivuliwe na kurudishwa nyumbani. Zungushieni matandazo ya majani makavu, yasiguse shina, na matawi ya miiba dhidi ya mbuzi.

Kuanzia Mei hadi mvua zirudi, kila mche uwe na mtu wake. Chupa za plastiki mlizookota mtoni zinafaa hapa: toboa tundu dogo kwenye kifuniko, kata kitako, isimike ikiwa imepinduliwa karibu na mche na uijaze mara moja kwa wiki. Baada ya kiangazi cha pili chupa hizo ziondolewe zote.

Kupima kama mto unapona

Simikeni vigingi viwili viwili kwenye sehemu tatu za kipande chenu, na kila Oktoba na kila Mei mpige picha kutoka kwenye vigingi hivyo hivyo, kuelekea upande ule ule. Katika daftari la kikundi andikeni tarehe, watu waliofika, kiraka kilichoshughulikiwa, idadi ya miche iliyo hai na mvua ilivyokuwa. Daftari hilo ndilo mtakalolionyesha ofisini mtakapoomba kuongezewa mita nyingine hamsini.

Njia ninayoipenda kuliko zote ya kupima maji ni kuwatazama wadudu waishio chini ya mawe. Afrika Kusini wana utaratibu uitwao miniSASS, ulioandaliwa ili hata wanafunzi waweze kuutumia, unaogawa viumbe wa mtoni katika makundi 13 na kupatia kila kundi alama kulingana na linavyostahimili uchafu. Hata bila kuhesabu alama, msingi wake unaeleweka kwa chujio la jikoni na beseni jeupe. Sugua mawe kwa dakika tano huku chujio likiwa upande yanakoelekea maji, mimina kwenye beseni, kisha subiri maji yatulie. Ukiona viluwiluwi bapa vyenye mikia miwili au mitatu vilivyojishikiza kwenye mawe, maji ni mazuri. Ukiona viluwiluwi vya kerengende na kaa wadogo, hali ni ya wastani au zaidi. Ukipata ruba na minyoo tu, kuna uchafu unaoingia kutoka juu. Rudisha viumbe wote mtoni baada ya kuhesabu.

Hali ikibadilika ghafla kati ya kipimo kimoja na kingine, msianze kuilaumu miche yenu. Pandeni na mto kuelekea juu, mtaa kwa mtaa, mpaka mahali ambapo wadudu wazuri wanaonekana tena. Chanzo cha uchafu kitakuwa kati ya hapo na kwenu, na mara nyingi ni bomba, mfereji au mahali pa kuoshea magari. Andikeni mahali, saa na rangi ya maji, pigeni picha, na mpelekeeni mtendaji wa kata taarifa siku hiyo hiyo, nakala moja ikibaki kwenye daftari.